Kwa Rabi Zelig Perlow, Aliyekosa Mtu wa Kumi

Ahimidiwe Mola, Hakimu wa haki, atoaye pumzi na kuitwaa, ambaye mbele yake hakuna siri wala udhuru.

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ya baridi kali hapa Winnipeg, viatu vya theluji ukiwa umekwisha kuvivaa kwenda sinagogi. Tunaokuandikia ni Fruma, mkeo kwa miaka arubaini na sita. Hillel, mwanao wa kwanza, fundi wa matanuri ya kupashia nyumba joto. Na Rivka, kitinda mimba wako. Safari hii hatutakusifu tu. Liko jambo la Hillel, naye ameomba liandikwe.

Hekima yako hukuiweka rafuni. Uliitoa jikoni, dukani, hata kwenye foleni ya posta. Mtu akija kumshitaki jirani yake, ulimuuliza kwanza, "Umekula?" Ulisema mwenye njaa hahukumu, hulipiza kisasi. Supu ya Mama uliisifu kabla ya kuionja: sifa ya baada ya kuonja, ulisema, ni ushahidi; ya kabla ni mapenzi.

Wala hukuhesabu watu kama mifugo. "Si mmoja, si wawili, si watatu," ulinong'ona kama wazee wetu, ukikana kila hesabu ili kukwepa kijicho, mpaka wanaume wakatimia kumi, kwani Kadishi, sala ya kuwakumbuka wafu, haisomwi wakiwa pungufu.

Sabato moja ulitoa mfano katika mawaidha: fundi apashaye joto nyumba za watu, na ya mamaye inapoa. Watu wakacheka, wakamgeukia Hillel. Sabato ilipotoka ulimwendea kumtaka radhi, maana ndiwe uliyetufundisha kwamba kumtahayarisha mtu hadharani ni sawa na kumwaga damu yake. Alikusikiliza mlangoni. Hakukukaribisha ndani.

Siku kumi baadaye ilikuwa siku ya kumkumbuka Babu, mzazi wako. Ukampigia simu kutoka sinagogi.

"Hillel, mwanangu, tumefika si tisa. Kadishi ya babu yako inakungoja wewe."

"Mhesabu yule fundi wa kwenye mawaidha," akajibu. "Si unamjua vizuri?"

Akakata simu. Alikuwa ndani ya gari lake, mitaa miwili tu kutoka hapo, anakunywa kahawa.

Ukawaambia wazee, "Hillel yuko kwa mjane Tova Blumkin. Tanuri lake limezimika." Ukafunga kitabu, na Babu hakusomewa. Wiki tatu baadaye ukafariki, nawe na mwanao hamjasemezana.

Katika siku saba za matanga wazee walimshika mkono Hillel: "Heri yako, kijana. Baba yako alituambia ulivyomkimbilia mjane." Akaipokea sifa isiyo yake. Kisha kwa miezi kumi na mmoja, kila asubuhi, wale wazee wanane wa siku ile, na wa tisa aliyekuwa mgonjwa siku hiyo, walikanyaga barafu wakatimia kumi pamoja naye, apate kukusomea wewe Kadishi aliyokuzuia kumsomea baba yako. "Mama," alisema siku moja, chakula kimemshinda, "kila wakiitika Amina, nasikia ile simu."

Sheria yetu iko wazi: aliyemkosea mtu, naye akafa kabla ya suluhu, apeleke watu kumi kaburini, akiri mbele yao. Jumapili iliyopita aliwapeleka, wazee wale tisa, na wa kumi Meir, mume wa Rivka. Mama alisimama kando akihesabu kama ulivyohesabu wewe: "Si wanane, si tisa, si kumi."

Hillel akavua glavu. "Nimemkosea Mungu wa Israeli, na nimemkosea baba yangu. Sikuwa kwa mjane. Nilikuwa garini, mzima wa afya, na hasira zangu."

Mzee Getzel, fundi cherehani mstaafu, akapangusa pua.

"We Hillel! Tova Blumkin yuko Florida kila majira ya baridi tangu afiwe. Siku ile alikuwa ufukweni anaota jua. Tanuri gani?"

"Mlijua?"

"Sote. Baba yako alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini katika uongo, maskini, hakujaliwa kipaji."

"Na bado mkaja kila asubuhi?"

"Mtu ambaye hajapata kusema uongo kausema kwa ajili yako. Tungemwaibisha?"

Hillel akafukua theluji kwa mikono mitupu, akaweka jiwe dogo juu ya kaburi lako, kama ilivyo desturi yetu ya kumkumbuka marehemu. Hakupata nafuu, Baba. Alisema afadhali wangemlaumu. Lakini wiki tatu zilizopita, siku ya Babu mwaka huu, Kadishi aliisoma yeye. Na ingawa miezi yake ya kukusomea imekwisha, bado hutangulia kufika sinagogi kila asubuhi, akaketi karibu na mlango, asije mtu mwingine akakosa wa kumi.

Wanaokukumbuka, na hawataacha kukukumbuka maadamu wanavuta pumzi: Fruma, Hillel, Rivka na Meir, na wazee wako tisa.

Ewe Mola, walaze waliotangulia kwa amani. Na sisi tuliobaki utupe ulaini wa moyo, tutakane radhi tungali tunasikiana. Amina.