Gari la Papa Halijafa

Jumapili, tarehe 5 Oktoba 2025

Naapa leo: nitaandika yote, hata yale yatakayonitia haya. Daftari hili halina msomaji ila mimi mwenyewe, Débora, mwaka wa tano, seksio ya sayansi. Basi sina sababu ya kudanganya.

Baada ya misa tuliwasha gari, kama kila Jumapili. Papa, baba yangu, alipokwenda Mahagi kufanya kazi kwenye depo ya kahawa, miaka miwili na nusu iliyopita, aliliacha hapa uani. Barabara haikuwa ya kuaminika. Yeye alipanda lori. Alituambia: kila Jumapili mulichemshe kidogo, lisinisahau. Kwa hiyo ndugu yake, Baba mudogo Athanase, hukaa kwenye usukani dakika tano, na sisi wote tunasikiliza. Jirani yetu, Mama Micheline, hupaza sauti nyuma ya ukuta: "Papa Débora iko!" Na Mama hutabasamu. Hiyo ni misa yetu ya pili.

Leo lilikohoa. Baba mudogo akafungua kifuniko cha mafuta ya moteri, yaani injini — na chini yake, uji mweupe! Kama maziwa yaliyoganda. Akatangaza: moteri imepasuka, maji yameingia, gari limekufa. Anamjua mtu wa Bambu anayenunua magari yaliyokufa ili auze vipande. Atakuja Jumapili ijayo.

Niliuliza vidange ya mwisho ilifanywa lini, maana yake mafuta ya moteri yalibadilishwa lini. Akacheka.

"Vidange ya nini? Motoka haitembeaka, mafuta itachoka juu ya kazi gani? Weye ukilala siku muzima, unaoga mara tatu?"

Wote wakacheka. Hata Mama, kidogo. Jibu nimelipata sasa hivi, nikiwa peke yangu: anayelala miaka miwili anaoga hata mara moja!

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Kabla ya shule niliinua boneti. Kuna etiketi ya garaji, imefungwa kwa waya. Nilitema mate nikaisugua kwa pindo la sare. (Haya — si niliapa?) Vidange: 10 Aprili 2023. Ijayo: baada ya kilometa 5 000. Tangu siku ile gari limetembea kilometa 212. Bila shaka Baba mudogo alisoma mstari huo, akaishia hapo. Lakini chini yake, ndani ya matope, kumeandikwa: au miezi sita.

Au! Miezi thelathini imepita.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nilimngojea Prof Dominique baada ya saa ya fizikia. Nilimweleza uji mweupe. Alichora sufuria ubaoni. Alisema moteri ikiwaka dakika tano tu haipati moto wa kutosha. Mvuke unapanda, unakuta kifuniko bado ni baridi, unageuka maji, maji yanachanganyika na mafuta. Gari likitembea nusu saa, mvuke wote unatoka. Likichemshwa kidogo kidogo, linakunywa maji.

Kwa hiyo ni sisi. Ni dakika zetu tano za Jumapili! Papa mwenyewe alituagiza, na sisi tulilipenda gari mpaka tukaliharibu. Sentensi hii inaniuma, lakini imeandikwa.

Prof aliongeza: moteri ikiwa imepasuka kweli, maji ya radiateri yatapungua, na mafuta kwenye kijiti cha kupimia yatakuwa meupe vilevile. Upime kwanza, ubishane baadaye.

Vanessa wa darasa letu alisikia mlangoni. Sasa darasa zima linasema Débora ataolewa na garaji. Acha waseme. Nitawaalika.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Maji ya radiateri yamejaa. Nimechora mstari kwenye chupa yake kwa kalamu ya bic. Kijiti: mafuta ni meusi kama masizi. Si meupe!

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Mstari ule ule. Nilimpelekea Mama kijiti palepale anaposhonea. Aligusa mafuta, akayasugua kati ya vidole viwili, akajipangusa kwenye kitenge. Aliuliza tu kama Jumamosi Baba mudogo ataenda matanga, na Mama Vahwere wa mafuta anafungua saa ngapi.

Mama yangu!

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Nitaandika yote.

Mama Vahwere anauza mafuta ya moteri karibu na stesheni ya petroli, na vidange anafanya mwenyewe. Alikuja na bidoni ya mafuta na funguo zake za bolti, akafunga kitenge kiunoni, akalala juu ya kartoni chini ya gari. Mafuta ya zamani yalitoka taratibu, mazito kama lami.

"Mama Débora, hii mafuta iko muzee kupita mutoto wako!"

Nilimuuliza lile swali langu: gari lisilotembea linahitaji vidange lini? Alinijibu akiwa bado chini, nikiona miguu yake tu:

"Sikia, mutoto ya shule. Motoka ya taksi, unafuata kilometa. Motoka ya kulala, unafuata kalendari. Mafuta, usipitishe mwaka moja, hata kama haijatoka mu parsele, hapa uani. Ya breki, kila miaka mbili. Bateri na mipira ya magurudumu, unaangalia kila mwezi. Na kila wiki mbili muitembeze nusu saa. Muitembeze! Hapana kuichemsha sawa chai!"

Kisha akamimina mafuta mapya, nikampa ufunguo unaotundikwa nyuma ya mlango, akaliwasha. Lilikohoa mara mbili. Halafu likaimba.

Aliendesha yeye, polepole kwa sababu ya breki. Mama alikaa mbele na viatu vyake vya misa, mimi nyuma. Tulikwenda hadi upande wa uwanja wa ndege, tukarudi. Vumbi jekundu lilitufuata. Mama alishusha kioo akawasalimia watu asiowajua kabisa. Gari lilipopoa nilitazama: maji kwenye mstari ule ule. Kifuniko: matone mawili matatu, basi.

Baba mudogo alirudi kutoka matangani saa kumi. Aliona alama za mipira kwenye udongo. Alipiga kelele: nani alitoa motoka, nani iko na permis ya kuendesha hapa? Nikamnyoshea kijiti. Hakukitazama.

"Débora, unafikiri mimi ni mwizi ya motoka ya kaka yangu? Ni yeye alisema niuze. Yeye mwenyewe."

Mama aliketi chini, pale pale, juu ya bidoni tupu.

Nilimuuliza Baba mudogo: Papa alisema hivyo kabla ya ule uji mweupe, au baada yake?

Baba mudogo alitazama gari. Kisha akaingia ndani.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2025

Leo hatukuliwasha. Mama Micheline aliuliza nyuma ya ukuta kama kuna msiba.

Mtu wa Bambu amefika. Anakunywa chai na Baba mudogo, anagonga mabati ya gari kwa vidole kama anayechagua nanasi. Hawezi kulisikia likiimba, wala kuondoka nalo, kwa sababu ufunguo haupatikani. Uko ndani ya soksi yangu. Baba mudogo amemuuliza Mama. Mama amejibu kwamba yeye hashiki funguo za motoka. Ni kweli, hashiki. Alitazama soksi yangu, akaniambia nivute sketi vizuri.

Dany, shofere wa lori, anaondoka na msafara wa Mahagi. Amesimama barabarani, moteri inawaka. Atarudi Alhamisi. Kwenye simu, tukimuuliza atarudi lini, Papa husema "tutaona", halafu rezo, mtandao wa simu, inakata. Karatasi haikati. Nimechana ukurasa wa daftari hili, na hapa naweka kopi ya niliyoandika, ili nisije nikajidanganya:

"Papa, gari lako ni zima. Tulibadilisha mafuta, tulilitembeza nusu saa, nililipima mimi mwenyewe. Kosa lilikuwa la kulichemsha, na hatutalirudia. Ufunguo ninao mimi, na simpi mtu mpaka Alhamisi."

Dany anapiga honi. Baba mudogo anakuja huku. Mstari wa mwisho wa barua, haraka:

"Nijibu kwa mkono wa Dany, neno moja linatosha: ulisema liuzwe kwa sababu uliambiwa limekufa, au kwa sababu wewe hutarudi tena?"