Marimba Uliyokataa Kuiuza

Shikamoo Mzee Ndahani,

Ni mimi Zaina, yule Mrangi uliyemfundisha kutengeneza marimba pale Kizota, huku jirani zako wakikuuliza kama umekosa vijana wa kiume. Mkeo, Mama Tabitha, hajambo. Banda lipo, paa linavuja palepale. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililibeba moyoni juu yako, na sina wa kumwambia ila wewe mwenyewe.

Tulipokuzika, wateja wako waliondoka na wewe. Waliponikuta mimi nimeshika nyundo walisalimia, wakatoa pole, wakaenda zao. Basi nikafanya kile ulichokuwa unakikataa. Niliingia mtandaoni. Nakusikia unavyoguna. "Mtu nisiyemwona macho, nitajuaje anataka nini?" Ulisema hivyo kila nilipotoa simu.

Na hukukosea kuogopa, Mzee. Mwanzoni niliweka picha tu, lakini picha haiuzi marimba. Mtu wa mbali anaona kisanduku cha mbao chenye vyuma, basi. Nikaanza kurekodi video fupi: napiga kidogo, nasogeza simu karibu na tundu ili ule mvumo wa utando wa buibui uliobandikwa hapo usikike. Nikaandika bei wazi, na jina langu juu ya kila video. Hapo watu wakaanza kuja, matapeli wakiwa mbele. Mmoja alitaka marimba za bendi nzima, akasema hela yake imekwama benki, nimtumie kidogo aikomboe. Mwingine alinitumia ujumbe wa malipo usio na kasoro hata moja. Nikaangalia salio, hakuna kitu.

Tangu hapo sikumwamini mtu. Nusu ya bei kwanza, na mzigo haupandi basi mpaka niione hela kwa macho yangu. Mnunuzi wangu wa kwanza wa kweli alikuwa mwalimu wa kwaya wa Ipagala, naye aliona afike bandani mwenyewe kuhakikisha mimi si mwizi. Tulikaguana kama watu walio mnadani. Mwishowe akanunua, akajirekodi akipiga, na kwa video yake hiyo wakaja wengine, wa Arusha, wa Dar, hata mmoja wa ng'ambo. Mama Tabitha akaanza kupata fungu lake. Nikasema, sasa tunapumua.

Ndipo nikairekodi ile ya ukutani.

Unaijua. Ile kuukuu yenye alama ya moto ubavuni, ambayo kila mteja aliyeiulizia ulimjibu, "Hiyo ina mwenyewe," nami nikidhani mwenyewe ni wewe. Sikutaka kuiuza, wallahi. Nilitaka watu wasikie kazi ya zamani inavyolia. Kufumba na kufumbua, mtu aitwaye Amosi akaandika chini ya video, mbele ya watu wote: "Hiyo ni marimba ya baba yangu. Fundi Ndahani aliiba. Msinunue kwa wezi."

Mzee wangu.

Kwanza nilimshuku yeye. Nikasema huyu ni mshindani, au tapeli wa aina mpya, atataka kitu ndipo afute. Nikamwandikia: kama ni ya baba yako, ina nini chini? Akajibu palepale, "Ina ufa, umezibwa kwa nta." Nikaigeuza. Ufa upo, na nta ipo. Kwenye video haukuonekana.

Basi nikakushuku wewe.

Ilikuwa hivyo, na sitakuficha. Nilikaa bandani nikiitazama ile marimba, nikakumbuka ulivyokuwa unabadilisha mazungumzo mtu akiigusa. Nikakumbuka siku uliponiambia, "Hiyo iache ilipo," kwa sauti ambayo hukuwahi kuitumia kwangu. Wateja walianza kurudi nyuma. Mmoja alidai nusu yake, nikamrudishia. Nikamuuliza Mama Tabitha. Akasema, "Mwenzangu hakuwa mwizi. Lakini hilo hakuniambia." Jibu hilo lilinitesa kuliko tusi.

Amosi akatuambia twende kwao Makutupora, baba yake bado yu hai. Nikaona ni mtego. Nikamchukua Mama Tabitha na kaka yangu, nikamwambia kaka asizime pikipiki mpaka nimpe ishara. Marimba niliifunga kwenye khanga. Njia nzima nilikuwa nikijiandaa kukutetea, na nikijiandaa pia kukuombea msamaha.

Amosi alitupokea bila kucheka, pembeni ya shamba lao la zabibu. Baba yake, Mzee Lameki, alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha kamba, macho yameingia ukungu. Mama Tabitha alipojitambulisha tu, yule mzee akageuza uso upande wa sauti yake. Nilifungua khanga nikampa marimba. Akapapasa ubavu, akaikuta ile alama ya moto.

"Baba, waambie ilivyoibiwa," Amosi akasema.

Mzee Lameki hakupiga hata nota moja. Aliirudisha mapajani kwangu akasema, "Haikuibiwa. Mimi mwenyewe nilimuuzia Ndahani."

Amosi akasimama. "Baba?"

"Niliiuza, hela nikainywea mvinyo. Mama yako aliponiuliza, nikasema fundi kaniibia. Ningesemaje?" Kisha akamgeukia Mama Tabitha. "Mumeo alikuja hapa mara nyingi. Alisema, chukua chombo chako, hata bure. Niliona aibu, nikamfukuza. Alikuwa anajua ninavyomtangaza kuwa mwizi. Nikamuuliza mbona husemi? Akaniambia, 'Una watoto, Lameki, watakuonaje?' "

Mama Tabitha alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Mimi niliondoka pale nikasimama kwenye mizabibu. Kaka yangu alidhani tumeonewa, akapiga honi.

Marimba tuliiacha pale. Mama Tabitha ndiye aliyeamua, nami niliona ndivyo ungetaka. Jioni hiyohiyo Amosi alifuta maneno yake, akaandika mengine: kwamba fundi hakuiba, kwamba familia yao inaomba radhi. Hakumtaja baba yake. Nilimwelewa. Wateja wengine wamerudi, wengine hawajarudi. Uongo ulisambaa upesi, ukweli umesomwa na wachache. Huko mtandaoni ndiko nilikoingia, Mzee.

Nina maswali bado. Kwa nini hukumwambia hata mkeo? Ulikubali kufa na jina hilo kweli, kwa ajili ya mlevi wa Makutupora? Ninapopiga vyuma nakukasirikia, halafu machozi yananitoka, nalazimika kuweka nyundo chini.

Kazi inaendelea. Nakuahidi banda halitafungwa na Mama Tabitha hatakosa fungu lake. Wateja nitaendelea kuwashuku wote, wa karibu na wa ng'ambo, mpaka hela iingie. Lakini wewe, Mzee wangu, sitakushuku tena.

Pumzika salama.

Mwanafunzi wako,
Zaina