Kilomita Thelathini za Wiebren

Ijumaa, 3 Machi

Nimeachishwa kazi. Miaka kumi na moja nimechonga kwato za ng'ombe wa watu, na imeisha kwa kikombe cha kahawa na biskuti moja. Wiebren, bosi wangu, anasema wafugaji wanauza mifugo, kazi imepungua, si kosa langu. Akanisukumia makaratasi ya makubaliano ya kuachana. Nikatia sahihi palepale, maana nilitaka kutoka kabla sijalia mbele yake. Mjinga mimi!

Kifungu cha saba nimekisoma nyumbani. Mkataba wa zamani unaendelea: miaka miwili nisiguse ukwato ndani ya kilomita thelathini kutoka karakana yake. Nimeweka kisosi juu ya ramani. Kila zizi ninalolijua limo ndani. Upande wa pili ni bahari.

Jumapili, 5 Machi

Tjalling, mfugaji jirani yangu, ametimiza miaka sabini. Viti duara sebuleni, na kwa desturi yetu unampa hongera kila aliyekaa, hata asiyehusika. Wiebren kiti cha tatu! Nikampa mkono: hongera kwa siku ya Tjalling. Hongera na wewe, akajibu. Siku mbili baada ya kunitimua!

Halafu Tjalling, kwa sauti yake ya zizini:

"Sjoukje, ng'ombe wangu kumi na wawili wanachechemea. Jumanne unakuja?"

Wiebren akanijibia. "Hawezi. Kuna mkataba."

"Si umemfukuza?"

"Mkataba umebaki."

"Kwa hiyo wewe humtaki, na sisi tusimtake?"

Watu wakatazama vikombe vyao. Mke wa Tjalling akauliza nani anaongeza kahawa. Hakuna aliyeongeza.

Alhamisi, 9 Machi

Nimempigia mwanasheria wa chama cha wafanyakazi. Mpole, ana mafua. Anasema kufukuzwa peke yake hakuufuti mkataba. Hakimu anaweza kuufuta, au kuupunguza. Anaweza — neno gani hilo! Na itachukua miezi.

Tjalling naye kapiga. Wiebren amemwambia asubiri wiki tatu, foleni ni ndefu. Kazi imepungua, lakini foleni ni wiki tatu! Nimecheka peke yangu jikoni, kisha nikapiga meza mpaka mkono ukauma. Ng'ombe mmoja hainuki tena. Najua kabisa kidonda kiko wapi: mguu wa nyuma, ukwato wa nje. Kazi ya dakika kumi.

Mimi nitafanya nini pengine? Nikauze maua?

Jumatano, 15 Machi

Wifi Baukje amekuja. Huyu husoma kila kitu, hata maandishi ya pakiti ya maziwa. Akaomba yale makaratasi, akavaa miwani.

"Wifi, kifungu cha kumi na moja umekisoma?"

"Niliishia cha saba. Nilikuwa nalia."

"Una siku kumi na nne za kujitoa kwenye makubaliano haya. Kwa maandishi. Wala huulizwi sababu."

Leo ni ya kumi na mbili!

Akanionya: nikijitoa, kiinua mgongo kilichoandikwa humo hakipo, na Wiebren anaweza kutafuta njia nyingine ya kunitoa. Lakini kufukuzwa nako kunafutika. Bado mimi ni mfanyakazi wake.

Barua ina mstari mmoja. Tumeipeleka wenyewe. Mke wa Wiebren akatia sahihi kwamba ameipokea, akauliza kama ni mwaliko wa sherehe. Baukje akasema ndiyo, kwa namna yake.

Jumatatu, 20 Machi

Naandikia ndani ya gari la kazi. Saa moja asubuhi nimefika karakana, visu vimenolewa, viatu vya mbao mguuni.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kazini, bosi. Nipe ng'ombe."

Akacheka. Kisha hakucheka. Akasema hana kazi ya kunipa. Nikamwambia basi nifute kabisa, mimi na kilomita zako, tuachane kama watu wazima. Akasema mteja ni wake, amemtafuta miaka thelathini. Nikasema ng'ombe hajui jina lako, Wiebren, anajua mkono unaomshika mguu. Nimesema!

Akaingia ndani, nami nikapanda gari lake; akarudi na karatasi ya mkataba na kalamu. Alikuwa amekata "miwili", ameandika "mmoja". Nimeirudisha kupitia dirisha la gari. Akakata "thelathini", akaandika "kumi". Kwa Tjalling ni kilomita nne. Nimeirudisha.

Sasa anazunguka uani. Simu yake imelia, na sauti ya Tjalling naisikia mpaka humu: ng'ombe wa pili naye amelala chini, nani anakuja, na lini? Wiebren anasema subiri. Anasema yupo, yuko hapa, amekaa kwenye gari langu. Ananitazama kupitia kioo.

Anakuja tena, karatasi mkononi. Nimefunga mkanda, tayari kwenda kwa Tjalling.