Uvimbe Ambao Haukupungua

Jumanne

Ningemwambia mama wa mgonjwa palepale. Nilikosa ujasiri tu.

Ile chupa ya majaribio, yenye mistari ambayo vipimo vyake tunavijua, nilitakiwa kuipiga picha kila mwezi ili kuikagua mashine yetu ndogo ya MRI. Niliacha, nikisingizia foleni ya wagonjwa. Wiki iliyopita nilipoipima, mistari ya pembeni ilitoka imevutika. Fundi akairekebisha mashine.

Leo Mama Kabula amekuja na bintiye kutoka Bugarama. Kwenye picha mpya, uvimbe wa kichwani mwa binti umeonekana mdogo kuliko mara iliyopita. Mama akapiga magoti.

"Dawa za mganga zimefanya kazi! Vidonge vyenu sasa tunaacha."

Uvimbe haujapungua. Picha ya zamani, ya kabla ya mashine kurekebishwa, ndiyo iliyoukuza. Nilimwambia tu asiache vidonge, nikaona aibu kusema kwa nini.

Jioni nikampigia, nikamweleza yote, na kwamba uzembe ni wangu.

"Kwa hiyo, daktari, mwanangu hajapona?"

"Bado, mama. Nisamehe."

"Vidonge atameza. Ila kumwambia, niachie mimi, kesho. Leo ameimba njia nzima."