Laana ya Mla Ukoko

London, 9 Februari 1957

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi inanitafuna masikio. Goti lako je? Dada Asmahani na wanawe hawajambo? Nisalimie Ngamiani nzima, hata wale wanaonisema.

Kaa kitako, nina mambo mawili. La kwanza, mwanao sasa ni mcheza televisheni. Hilo ni kabati lenye kioo. Watu hukaa majumbani mwao wakatazama sinema humo, chai mkononi. Naosha vyombo hotelini kama kawaida, lakini juzi bwana mmoja wa studio alikuja kula, akaniona, akasema, "Huyu ndiye mchawi wangu!" Usicheke. Kuna hadithi ya Mwingereza anayetafuta hazina porini. Mimi nitavaa manyoya, nimtokee kichakani, nimlaani kwa lugha ya kwetu. Niseme lolote, mradi litishe, maana hapa hakuna aijuaye.

La pili ndilo kubwa. Picha hizi zinauzwa Amerika, zikaonyeshwe miji yote. Na Uweso wa Moa, yule baharia, nimekutana naye bandarini. Mama, kaka Shehe yu hai! Uweso alimwona Nyu Yoki kwa macho yake, ila hajui anapokaa. Alipomwuliza mbona haandiki kwao, alijibu, "Sina radhi ya mama, niandike nini?"

Ikiwa unalo la kumwambia, nipe mimi nilitamke.

Mwanao, Mselem

Ngamiani, Tanga, 2 Machi 1957

Mwanangu Mselem,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti ni lile lile, tumeshazoeana.

Barua yako nilipoisoma niliitupa chini ya kitanda. Radhi ya Mwatumu ivalishwe manyoya ya kuku? Wewe una wazimu! Radhi hutoka ulimini mwa mzazi, si wimbo wa kuimbwa na kila mpita njia.

Ni kweli nilimwambia Shehe siku ile, "Ukipanda meli hiyo, sina radhi nawe." Arobaini ya babako haijafika, yeye mguu baharini! Ningesema nini? Lakini hasira ya mama ni povu la wali, ukifunua chungu linashuka. Yeye hakungoja. Nami nilidhani atarudi nimwambie, mwaka ukaenda, na mwingine, na sasa naogopa kufa na neno hilo kooni. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si goti.

Basi nikaenda kwa Mwalimu Mwinyijuma wa chuoni. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema, "Mwatumu, mtu akiwa mbali huozwa kwa wakili. Radhi nayo ina tofauti gani?" Mbele yake na mbele ya Asmahani nimekupa uwakili wa ulimi wangu. Sema hivi, wala usitie chumvi: "Shehe mwanangu, nimekuwia radhi duniani na akhera. Maziwa yangu ni halali yako. Rudi kwenu."

Na utie udhu kabla ya kuvaa hayo manyoya.

Mamako, Mwatumu

London, 30 Machi 1957

Mama yangu,

Shikamoo tena na tena. Sijambo, na kazi imekwisha!

Udhu nilitia, wakadhani naosha rangi waliyonipaka. Nikatokea kichakani, kichaka chenyewe cha karatasi, nikaanza maneno yako. Yule bwana akapiga kelele, "Basi, basi! Neno la kwanza laini mno!" Ndilo jina la kaka hilo. Masikioni mwao "Shehe" ni kama mtu anayebembeleza mtoto. Alitaka neno kali.

Mama, bila jina, radhi itamjuaje mwenyewe? Mara nikalikumbuka jina ulilompa jikoni, alipokuwa akikwangua sufuria mpaka majirani wanaziba masikio. Nikakodoa macho, nikanguruma, "Mla ukoko! Mla ukoko wangu! Nimekuwia radhi duniani na akhera!" Na mengine yote, neno kwa neno. Yule Mwingereza alirudi nyuma kweli kweli, akajikwaa kwenye waya. Wote wakapiga makofi, wakasema laana ya kutisha namna ile hawajapata kusikia.

Atasikia, mama. Nina yakini.

Mwanao, Mselem

Ngamiani, 14 Septemba 1957

Mwanangu,

Salamu sana. Sote tu wazima, na wewe Mungu akuweke.

Posta wamenizoea, wakiniona tu wanatikisa kichwa. Asmahani anasema nisijitese. Nimemwambia sijitesi, nangoja changu. Lakini niambie kweli, mwana, usinifiche: hiyo picha imeuzwa, au imewadodea?

Mamako, Mwatumu

London, 1 Oktoba 1957

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Imeuzwa! Wataionyesha huko baridi hii. Endelea kwenda posta.

Mwanao, Mselem

Ngamiani, 8 Februari 1958

Mwanangu, wakili wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia. Mimi mzima, hata goti leo silisikii.

Shehe ameandika! Alikuwa kwa kinyozi, povu shavuni, kabati lile likiwaka ukutani. Watu wakamcheka mchawi wa manyoya. Yeye hata hakutazama, mpaka aliposikia ukoko. Akaruka kitini na povu lake, akaitikia, "Amin!" kwa sauti, duka zima likamgeukia. Kinyozi akamwuliza, "Kwani unamjua mchawi huyo?" Akasema, "Huyo ni mama yangu." Nimecheka, nimelia, Asmahani akadhani nimepagawa.

Amepata kazi melini, atafika kabla ya Mwezi Mtukufu. Nimepiga marufuku mtu kugusa sufuria yangu.

Msalimie yule bwana wa studio. Mwambie laana yake imempata mtu.

Mama yenu, Mwatumu