Nimempata Ntandu

Shamba la Mkonge, Korogwe
10 Machi, 1974

Dada Salome,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa pili tangu niondoke Ihanja kumtafuta kaka. Magoti ya mama yanaendeleaje? Watoto wako hawajambo? Nimefurahi kusikia umemaliza kisomo cha watu wazima, maana barua hii sikutaka isomwe na mtu mwingine. Mimi mzima, ila miiba ya mkonge imenichana mikono na mgongo haunyooki.

Uliniandikia kwamba majirani wote wamehamia kijiji cha ujamaa, mama peke yake amekataa. Anasema kaka Ntandu akirudi atakuta tembe tupu, hatajua pa kututafuta. Na mgambo wameonya kwamba wataibomoa nyumba hata mama akiwa ndani.

Dada, nimempata Ntandu. Amekufa.

Aliyenionyesha ni Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Nzega. Tulikuwa tunakata mkonge mistari ya jirani, mwiba ukanichoma, nikalaani kwa Kinyaturu. Akaniuliza, "Wewe mla mlenda, Ihanja unaijua?" Nikamwambia nimezaliwa huko. Akaweka kisu chini. Kumbe alikaa chumba kimoja na kaka. Kile kidole cha mguu kilichokatwa na jembe alikitaja mwenyewe, kabla sijasema neno. Kaka alikuwa kwenye mashine ya kusafisha nyuzi, vumbi likamwingia kifuani, akakohoa mpaka akaisha. Hakuwa na ndugu hapa, basi Maganga akamzika, kama mtani wetu Wanyaturu.

Jumapili akanipeleka. Kaburi liko pembeni mwa shamba, amelizungushia mawe ili trekta lisipite juu. Akagonga mawe yale kwa fimbo. "Ntandu! Amka, mvivu wewe! Mdogo wako ametoka mbali na bado umelala! Nyie Wanyaturu, hata wageni hamwapokei!"

Nikacheka, dada. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nakwambia kweli, sikulia. Tangu nifike huku nimekuwa nikitazama uso wa kila mwanamume anayepita. Siku ile moyo ulitulia, kama mtu aliyekunywa maji baada ya kuchunga juani mchana kutwa. Naona haya kuandika hivi, lakini niliridhika. Nilichokifuata nimekipata, hata kama ni kaburi.

Usimsomee mama barua hii. Mwite kwanza baba mkubwa, amwambie asubuhi, watu wakiwapo. Mwacheni alie mpaka atosheke, kisha mhamisheni. Hana tena wa kumngojea pale.

Nisalimie shemeji, mumeo, na shangazi yetu mpika pombe, na mwalimu aliyekufundisha kusoma.

Nimebakiza kipande kimoja tu cha kazi, siku thelathini. Nikikimaliza nitapanda treni mpaka Manyoni, nitafika mtama ukianza kuvunwa. Kule kwenye tembe sitapita. Nataka nimkute mama kijijini.

Mdogo wako,
Yohana