Khanga za Wifi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hatujambo, na kikohozi cha babu yako kimepungua.

Unauliza kwa nini kina mama wanakudanganya kwenye utafiti wako. Nilipokuwa msichana nilimsindikiza mtafiti mmoja kijijini Fukayosi. Tukamuuliza mjamzito mmoja mbona haendi kliniki. Akasema ni mbali. Kumbe zahanati tuliiona pale pale tulipokaa! Nilichukia.

Mtafiti alipokwenda nyumba ya pili, nikabaki kumsaidia yule mama kumenya mihogo. Ndipo akaniambia khanga zake zimechanika, za kwendea kliniki huazima kwa wifi yake, na wiki ile wamenuniana.

Kesho yake nikampelekea doti yangu.

Hakunidanganya, Zuhura, alijisitiri. Ukirudi kwao, kalamu itie mkobani kwanza. Mihogo ya kumenya haikosekani.

Bibi yako, Bagamoyo